Bolti ya Upande wa Kushoto

Kanazi, Jumatatu, 7 Oktoba

Daktari wa Muleba ameniambia nipunguze chumvi, nipunguze maji na nipunguze kutembea. Nikamuuliza kama kuna chochote cha kuongeza. Akasema mito ya kulalia. Basi naandika nikiwa nimeegemea mito minne, na moyo wangu unafanya kazi kama pampu ya kisima cha shule: unavuta, unasita, unavuta tena. Nina miaka themanini na tatu. Sijui kama nitaiona Noeli. Nimeamua kuandika mvua hizi za vuli mpaka zikome, au mpaka nikome mimi.

Tulinyeshewa njia nzima kutoka kliniki. Anayeendesha ni Edvina, binti yangu wa mwisho, mwalimu wa shule ya msingi huko Kitendaguro. Tangu mumewe afariki amerudi kuishi nami. Gari ni Premio yangu kuukuu, niliyoinunua baada ya kustaafu ukaguzi wa shule. Tulipoingia uani, jirani yetu Judica alisimamisha pikipiki yake nyuma yetu, akaja dirishani akiwa amelowa chapa. Alimwambia Edvina kwamba ametufuata tangu Kemondo bila kujua kama mbele yake kuna gari au kichaka.

Edvina alizunguka nyuma kutazama, nami nikaomba nizungushwe. Vioo vya taa vimepasuka na maji yamejaa ndani. Globu inawaka humo kama kaa lililotumbukia kwenye chungu. Ile taa ya tatu, ya kwenye kioo cha nyuma, ilikufa zamani.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua. Nimelala.

Jumamosi, 12 Oktoba

Edvina alikuwa anakwenda Bukoba kutafuta taa. Nilimng'ang'ania mpaka akanichukua.

Tulikwenda kwa Manish, mwenye duka la vipuri. Baba yake, marehemu Kanti, ndiye aliyeniuzia baiskeli yangu ya kwanza. Manish anazungumza Kihaya kizuri kuliko wajukuu zangu. Alisema taa za toleo letu hazipatikani tena. Anazo za toleo lililofuata, za LED, zilizotoka kwenye gari lililogongwa mbele huko Japani. "Mwalimu, mbele limekufa, nyuma liko hai," alisema, akazipanga juu ya kaunta kama anayeuza samaki wabichi.

Barazani pa duka hilo ndipo anapofanyia kazi Mwijage, fundi umeme wa magari. Ni mtu wa makamo, mkazi wa Kagondo, mwenye kofia ya sufi hata jua likiwaka. Alizijaribu taa kwenye gari letu. Zinaingia, na matundu ya bolti yanalingana, ila plagi si ile ile: pini hazilingani na rangi za waya ni nyingine kabisa. Alisema wazi kwamba hajawahi kufunga hizi kwenye toleo letu, ameona tu mtu akifanya hivyo kwenye simu. Nilipenda alivyosema. Miaka yote niliyokagua shule za Muleba, walimu walionijibu "hili sijawahi" walikuwa wachache, na hao ndio niliowaamini.

Jumamosi, 19 Oktoba

Leo nimekuwa mwanafunzi. Mwijage alikuja Kanazi na mkoba wake, nami nikawekewa kiti karibu na buti, blanketi magotini.

Nimejifunza kwamba ndani ya taa ya LED hakuna uzi unaowaka. Kuna chembe ndogo ya kitu kama jiwe. Umeme ukipita upande mmoja inatoa mwanga, ukipita upande wa pili inanyamaza kabisa. Nilimwomba anionyeshe. Akageuza waya, taa ikazima, akarudisha, ikawaka. Nilimwomba arudie. Alirudia mara kadhaa bila kunung'unika, ingawa Edvina alimwambia kwamba nikiachiwa nitamfanya akeshe.

Kisha indiketa zikaleta kituko. Badala ya kupepesa taratibu zilipepesa mbio mbio, kama mtu mwenye vumbi jichoni. Mwijage alieleza kwamba flasha, kile kinachozipepesa, imezoea globu zinazokula umeme mwingi. Ikiona umeme unaoliwa ni kidogo, inadhani globu imekufa, ndipo inapiga mbio kutoa taarifa. Dawa yake ni rizista, kidude kinachokula umeme uliobaki.

"Kwa hiyo tunaunguza umeme bure ili kuidanganya flasha," nikasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Tunaidanganya isije ikatudanganya."

Nilikigusa kile kidude kikaniunguza kidole. Edvina alinitazama kama ninavyowatazama wajukuu.

Mwishoni Mwijage alikusanya waya za athi, zile zinazorudisha umeme kwenye bodi ya gari, za taa zote mbili, akazibana chini ya bolti moja iliyo upande wa kushoto wa buti, nyuma ya zulia. Alikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akakaza kwa spana namba kumi. Nilimuuliza kwa nini bolti moja kwa taa mbili. Akajikuna kofiani, akasema itatosha.

Jioni Edvina alikanyaga breki. Nyekundu ile, ni ya buni iliyoiva vizuri. Judica alipiga simu kutoka kwake kuuliza kama tumeweka baa.

Alhamisi, 24 Oktoba

Miguu imevimba. Edvina ameninyang'anya plaizi yangu yenye mpini mwekundu, nilipokuwa najaribu kutengeneza redio kitandani. Ameiweka juu ya kabati. Alishachukua baiskeli, akachukua panga, akachukua kibatari. Ananipenda, najua. Ila kila anachokichukua ni kitu kimoja zaidi nisichoweza tena kukijua kwa mkono wangu.

Jumamosi, 2 Novemba

Siku ya Marehemu Wote. Sikuweza kwenda kanisani. Nimewataja majina nikiwa hapa mitoni, na pumzi imekwisha kabla ya majina.

Ijumaa, 8 Novemba

Senene, panzi wetu wa kuliwa, wameanguka Bukoba. Edvina anasema huko mjini watu wamewasha mataa makali juu ya mabati na mapipa, na huwezi kujua usiku umeanza saa ngapi. Nilipokuwa mdogo tuliwaokota alfajiri kwenye nyasi zenye umande. Mama alikuwa akiwajaza katika kapu na kumpelekea baba, kwa sababu enzi hizo mwanamke hakuruhusiwa kuwala, na baba akishawala alimnunulia mama gauni. Nilimuuliza mama kama hajawahi kuonja jikoni. Alicheka.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimefurahi sana na ni lazima niandike.

Tangu juzi nilikuwa na swali. Je, senene anafuata mwanga wowote, au anachagua rangi? Vitabu vyangu havisemi. Jana jioni Edvina alikwenda kwenye sala za jumuiya. Nilivuta kiti hadi kwenye kabati, nikapumzika, nikapanda, nikapumzika, nikapata plaizi. Kwenda uani kulinichukua muda mrefu kuliko zamani kwenda Muleba kwa baiskeli.

Kwanza niliwasha taa za nyuma peke yake, zile nyekundu. Giza lilikuwa limeanza kuingia na senene walikuwa wakipita juu, nawasikia. Hakutua hata mmoja. Ndipo nikachukua kipande cha utepe wa taa nyeupe alichokisahau Mwijage. Waya mmoja nikauchomeka penye taa ndogo ya ndani ya buti. Wa pili ulihitaji athi. Nikafunua zulia, nikailegeza ile bolti ya kushoto kwa plaizi, nikaingiza ncha ya waya chini yake.

Walikuja kama mvua ya mawe laini. Walinigonga kichwani, wakaingia kwenye shati, wakatembea kwenye miwani. Nilicheka peke yangu mpaka nikaogopa kwamba moyo utasimama. Jibu basi ni hili: nyekundu hawaijali, nyeupe hawawezi kuipinga. Kwa nini? Sijui bado.

Nilijaza bakuli. Nikachomoa waya, nikairudisha bolti kwa vidole mpaka ikagoma, nikafunika zulia. Edvina aliporudi alinikuta kitandani. Leo asubuhi aliwakuta senene jikoni, akauliza wametoka wapi. Nikasema Judica ameleta.

Amewakaanga kwa kitunguu. Nimekula wanne tu.

Jumatano, 20 Novemba

Mvua mchana kutwa. Kahawa inapukutisha maua.

Jumapili, 24 Novemba

Leo sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Jana Edvina alikwenda Muleba peke yake kuchukua dawa zangu. Wakati wa kurudi, karibu na Muhutwe, mvua ilikuwa nzito na barabara ina mashimo. Mbuzi walivuka, akafunga breki. Fuso la ndizi lililokuwa nyuma yake likamgonga. Dereva alikuwa mwendo wa pole, vinginevyo nisingekuwa na wa kumwandika hapa. Buti limebonyea, taa ya kulia imepasuka kona, na Edvina ameumia shingo na kifundo cha mkono. Amefungwa bandeji. Analala kwa kukaa, kama mimi.

Dereva wa Fuso aliapa kwamba hakuona taa ya breki hata moja. Trafiki alipojaribu, kweli hazikuwaka. Akalipiga buti kwa kiganja, zikawaka. Akapiga tena, zikazima.

Edvina alinieleza hayo taratibu, akaongeza, "Mwijage alifunga ovyo, Taata. Na mimi nilimwamini."

Nilijua papo hapo. Nilijua kama mtu anavyojua amesahau sufuria jikoni. Vidole vya mzee wa miaka themanini na tatu havikazi bolti. Nilifungua kinywa, Edvina akadhani nataka maji, akanyanyuka na shingo yake ile kuniletea.

Nikayanywa.

Jumanne, 26 Novemba

Dastan, mwanangu mkubwa, alipiga simu kutoka Mwanza. Amekataza Mwijage asiliguse gari tena. Amempigia Manish pia.

Mvua. Sikusema.

Jumamosi, 30 Novemba

Mwijage amekuja. Aliegesha baiskeli kwenye mgomba, akavua kofia mlangoni. Sikuwa nimewahi kukiona kichwa chake. Kina mvi nyingi kuliko nilivyofikiri.

Alimwamkia Edvina kwanza, akamwambia amekuja kumpa pole na kuomba radhi. Alisema amejaribu kukumbuka jinsi alivyokaza ile bolti na anakumbuka kabisa mkono wake ukiikaza, lakini gari limesema vingine, na gari haliwezi kusema uongo. Ameomba atengeneze kila kitu bila malipo. Edvina alimjibu kwa upole kwamba kaka yake amekataza.

Kisha akanigeukia mimi. "Pole sana, Mwalimu. Nimekuumizia mtoto."

Nilisema ahsante.

Nilimsogezea kikapu cha kahawa ya kutafuna, kwa sababu mgeni hatoki nyumbani kwangu bila akamwani. Aliitazama, akatikisa kichwa. Alisema hatatafuna kahawa katika nyumba aliyoiumiza, siku tutakayokuwa tumemsamehe ndipo atakapokula. Mimi nilikuwa tayari na punje mkononi. Sikuweza kuila, sikuweza kuirudisha. Niliishika mpaka alipoondoka, na jasho likaigeuza kuwa laini.

Nimekagua watu kwa miaka ishirini na sita. Nimewaandikia barua za onyo walimu waliochelewa kwa robo saa.

Jumanne, 3 Desemba

Manish amempa Mwijage mpaka Jumamosi ya wiki ijayo aondoke barazani. Edvina ndiye aliyeniambia, na hakufurahi. Habari zimeenea: wenye magari wanapita, hawasimami. Anayekuja kukaa pale ni mtu wa kutengeneza simu. Nilimuuliza Edvina Mwijage atakwenda wapi. Akasema fundi aliyefukuzwa kwa Manish hakuna atakayempokea Bukoba nzima, labda aende Muleba akaanze upya chini ya mwavuli.

Kwa nini sisemi? Naandika ili nijue. Siogopi aibu, aibu nitaiacha hapa pamoja na miwani. Naogopa kwamba nikisema, Edvina atafunga mlango wa chumba hiki, na siku zilizobaki nitakuwa kitu cha kulindwa. Nimebakiwa na udadisi tu. Ndio niliokuwa naulinda, na fundi ndiye anayeulipia.

Ijumaa, 6 Desemba

Padre Ishengoma huleta komunyo kwa wagonjwa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Ni kijana, anapenda mpira. Nilimwomba Edvina atuache, nikaungama yote, hata bakuli la senene. Padre aliziba mdomo kwa stola, nikaona mabega yanatikisika. Aliniondolea dhambi. Kisha akauliza, bila kucheka, "Na fundi ameshasikia?"

Nikasema bado.

"Basi mimi nimemaliza kazi yangu, Mzee. Ya kwako bado."

Jumamosi, 7 Desemba

Mvua. Sikusema.

Jumapili, 8 Desemba

Mvua. Nilianza, Judica akaingia na uji.

Jumatatu, 9 Desemba

Sikusema.

Jumatano, 11 Desemba

Nimesema.

Nilimwita Edvina baada ya chai, nikamwomba akae pale ninapoweza kumwona bila yeye kugeuza shingo. Nilimweleza kuanzia kiti na kabati. Alisikiliza hadi mwisho. Mkono wake mzima ulikuwa unakunja na kukunjua ukingo wa shuka langu.

"Taata, nusura nife kwa ajili ya senene."

"Ndiyo."

"Na ukaniacha nimchukie yule mtu."

"Ndiyo."

Alitoka. Mchana chakula kililetwa na Judica. Nilidhani nimefungiwa ule mlango niliouogopa.

Jioni Edvina alirudi, akasimama mlangoni, akasema amempigia Dastan. Dastan hakusadiki. Alisema Baba amechoka, ugonjwa unamchanganya, anataka kumlinda fundi kwa huruma, tusimsumbue Manish kwa maneno ya mgonjwa. Sikuwahi kulifikiria hilo. Nilifikiri kazi ni kusema tu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuungama na asiaminiwe.

Edvina alishika kitasa aondoke. Halafu, kwa sauti ya mtu ambaye bado amekasirika, akauliza, "Na nyekundu hakutua hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Ulisubiri muda wa kutosha?"

Binti yangu.

Jumamosi, 14 Desemba

Naandika kwa vipande. Edvina anaongeza mafuta ya taa kwenye kibatari kwa sababu umeme umekatika, na ameniruhusu kukitumia.

Tulikwenda Bukoba asubuhi, kungali na mwanga mzuri. Edvina aliendesha polepole sana, buti limefungwa kwa kamba. Alikuwa amemwomba Judica atufuate kwa pikipiki, awapungie mkono wanaokuja nyuma. Tulifika barazani kwa Manish nikiwa sina pumzi, nikaletewa kiti cha plastiki. Mwijage alikuwa anapanga spana zake ndani ya ndoo. Mtu wa simu alikwishaleta meza, ameiegemeza ukutani.

Nilimwamkia Manish, nikasema nimekuja kueleza kosa langu mbele yao wote wawili. Nikaeleza. Wateja wawili waliokuwa kaunta wakasogea. Nilipomaliza, Manish aliniwekea mkono begani.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa huruma. Dastan alinionya kwamba utakuja."

"Sina huruma, Manish. Nina hatia."

"Baba yangu naye alikuwa hivi mwishoni. Alisema ni yeye aliyeangusha Mkoloni." Wateja wakacheka. Alisema kwa upendo, na ndiyo maana iliuma.

Mwijage hakucheka. Alikuwa ameacha kupanga spana. "Ulilegeza bolti ipi?" akauliza.

"Ya kushoto."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa plaizi."

"Ile yenye mpini mwekundu niliyoiona Kanazi? Ile haishiki kumi. Inateleza."

"Iliteleza. Ndiyo maana nilimalizia kwa vidole."

Akamtazama Manish. Manish akatazama barabara. Mwishowe alisema haya, fungueni, si tuko hapa.

Tangu ajali hakuna aliyefunua zulia lile. Dastan alikuwa amekataza. Mwijage alifungua kamba, akainua buti kwa shida. Alimwita Manish aje aone kabla hajagusa kitu, na Manish akainama na suruali yake nzuri. Bolti ilizunguka kwa ncha ya kidole. Chini yake kulikuwa na nyuzi tatu nne za shaba, zilizokatika kwenye ule waya wangu wa utepe, nyembamba kuliko nyuzi za waya wowote alioufunga Mwijage. Na pale zulia linapokunjwa, amekauka na mabawa yake yote, kulikuwa na senene.

Manish alimchukua kwa vidole viwili. Akamweka juu ya kiganja, akatutazama mmoja mmoja. Akaenda kwenye meza ya mtu wa simu, akaanza kuisogeza mwenyewe kuelekea upande wa pili wa mlango, huku mwenye meza akiuliza kuna nini.

Nilifikiri sasa Mwijage atafurahi. Alikaa juu ya betri kuukuu, akavua kofia, akaishika.

"Mwalimu, unajua tangu siku ile nakaza kila nati mara mbili? Nafunga kazi, nafika Kagondo, nimekaa kula, nanyanyuka, narudi mjini kuangalia gari la mtu. Mke wangu anadhani nimepata mwanamke huku."

Mmoja wa wateja akacheka. Mwijage akamsubiri amalize.

"Siuamini tena huu mkono. Miaka kumi na tisa ndio ninaokula nao." Akauinua kidogo, akaushusha. "Kufukuzwa ningefukuzwa, ningekwenda Muleba. Lakini hata huko ningekwenda na mkono huu huu."

Hilo sikulijua. Kwa wiki hizi zote nilikuwa nimehesabu baraza, wateja na jina lake. Sikuwa nimefikiri kwamba mtu anaweza kunyang'anywa mkono wake mwenyewe na mzee aliyelala mitoni Kanazi.

"Nilikuja kwako," akasema. "Nikavua kofia. Nikakupa pole, ukaipokea."

"Niliipokea."

"Ile pole yangu, Mwalimu. Nirudishie."

Niliomba Edvina aninyanyue. Kusimama ni kazi kubwa kwangu siku hizi, na yeye ana shingo ile, kwa hiyo tulinyanyuka wawili kama watu wanaoinua gunia. Nikasimama mbele yake.

"Pole, Mwijage," nikasema. "Kosa ni langu. Pole sana."

Alikaa akiitazama kofia yake. Kisha akasema kwamba hata yeye, kufunga athi za taa mbili kwenye bolti moja, hakufanya vizuri, na kwamba niliwahi kumuuliza na hakuwa na jibu. Sasa ataweka bolti kila upande, hata moja ikilegea ibaki taa moja inayowaka. Nilimwambia hilo lisipunguze kosa langu. Akasema halipunguzi, anasema tu jinsi waya unavyotakiwa kwenda.

Nilimpigia Dastan pale pale, nikampa Manish simu. Alisogea kando, sikusikia walizungumza nini. Walizungumza Kihaya cha haraka, na Manish alikuwa bado amemshika yule senene.

Jumatatu, 16 Desemba

Dhaifu sana. Daktari amebadilisha vidonge. Edvina ameirudisha plaizi kwenye droo ya meza yangu. Sitaitumia, sina nguvu. Ila naisikia ikigongana na kalamu ninapovuta droo.

Padre aliniuliza siku ile ya komunyo kama naogopa. Nilimwambia usiku naogopa, mchana nina hamu ya kuona. Aliniuliza kuona nini. Ndilo swali, nikamjibu.

Jumamosi, 21 Desemba

Mvua imepungua. Wanaorudi nyumbani kwa Noeli wameanza kufika. Magari yanapita barabarani tangu alfajiri.

Mwijage amekuja kumalizia. Nilibebwa pamoja na mito yangu hadi barazani, nikawekwa pembeni ya buti lililonyooshwa. Alitafuna kahawa kwanza, akanipa punje moja, nikaiweka chini ya ulimi kwa sababu meno hayataki. Ameunganisha upya taa ya kulia, ile kona iliyopasuka ameiziba kwa gundi. Athi ya kulia ameipeleka kwenye bolti yake. Sikuuliza maswali mengi, pumzi haitoshi, nilitazama.

Ile bolti ya kushoto aliiacha mwisho. Akakwangua chuma kikang'aa, akaweka waya, akaishika spana namba kumi, akakaza. Edvina alikuwa amesimama na mkono wake wenye bandeji. Tulikuwa tunamtazama sote wawili na yeye alijua.

Alikaza mara moja. Akaitazama. Akapangusa mikono kwa kitambaa, akafunika zulia.